Kutuama Si Kukatika: Maelezo Juu ya Kusafisha na Kukoleza Chembe za Koloidi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili kazi moja ya maabara ambayo nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, nayo ni kazi ya kusafisha na kukoleza chembe ndogo mno za madini baada ya chembe hizo kutengenezwa ndani ya maji. Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza jambo hili linatuhusu nini sisi tusio wanakemia. Linatuhusu kwa kuwa kazi yenyewe, tukiyaweka kando majina ya dawa na mitambo, karibu yote ni ya vitenzi: kuchuja, kutuama, kumimina, kusuuza, kuzimua, kukoleza, kuganda. Mazoea yetu ya kuunda istilahi yameelemea mno upande wa nomino. Tunatafuta jina la kitu, tunalipata, tunalisanifisha, kisha tunadhani kazi imekwisha. Lakini mtu akikosea nomino, mwenziwe atamwelewa baada ya kuulizana kidogo. Akikosea kitenzi, atamwaga kilichotakiwa na kuhifadhi kilichopaswa kumwagwa.

Mifano yangu mingi nimeitoa Ruiru na kandokando yake. Katika mwendo mfupi wa barabara ya Thika msafiri hukuta kiwanda cha maziwa cha Brookside, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1993. Hukuta mashamba ya kahawa yaliyosalia baada ya mengine kugeuzwa viwanja vya nyumba, na kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Huvuka mto Ruiru. Kisha hufika Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kama chuo cha kawaida mwaka 1981 na kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mtengeneza siagi, mwosha kahawa, msafisha maji na mwanafunzi wa kemia wana shughuli moja, nayo ni kutenganisha kitu na maji yake. Na wanapoelekezana kazini huelekezana kwa Kiswahili, au kwa Kikuyu kilichochanganyika na Kiswahili, hata kama daftari limeandikwa kwa Kiingereza.

Koloidi ni hali gani

Chumvi ikitiwa majini hupotea machoni, wala haitarudi kuonekana maadamu maji yapo. Mchanga ukitiwa majini hutuama mara moja. Kati ya hali hizo mbili ipo ya tatu, ambayo mwaka 1861 Thomas Graham, mwanakemia Mskoti, aliipa jina la koloidi kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gundi. Katika koloidi chembe ni kubwa kuliko molekuli za kawaida, lakini ni ndogo mno kuweza kutuama kwa urahisi. Hupimwa kwa nanometa. Nanometa 1,000,000 hufanya milimita 1, na unywele wa binadamu una unene wa nanometa 80,000 hivi. Chembe tutakazozizungumzia zina kipenyo cha kati ya nanometa 5 na 100, na kwa sababu hiyo huitwa chembe za nano.

Kwa hakika si vitu vigeni. Mvua za masika zikinyesha Kiambu, mto Ruiru hubeba udongo mwekundu. Ukiteka ndoo moja na kuiacha usiku kucha, asubuhi utakuta mchanga umetuama, lakini maji yangali mekundu. Wekundu huo uliokataa kushuka ni koloidi ya udongo. Maziwa nayo ni koloidi. Weupe wake unatokana na matone ya mafuta, ambayo kwa wastani yana nanometa 3,000 hadi 4,000, pamoja na vifundo vya protini iitwayo kaseini, ambavyo wastani wake ni nanometa 150 hivi.

Dhahabu pia yaweza kuwekwa katika hali hiyo, na ikishakuwa humo haiwi ya manjano tena. Chembe za dhahabu za nanometa 20 zikiwa majini ni nyekundu kama divai. Msomaji amekwisha kuziona, ijapokuwa hakuambiwa: ule mstari mwekundu unaojitokeza katika kipimo cha haraka cha malaria, aghalabu ni chembe za dhahabu za nanometa 40 hivi zilizonaswa mahali pamoja. Chembe za fedha huwa za manjano. (Hapa lugha yetu inatuletea kicheko kidogo, maana ukimwambia mtu kwamba unasafisha chembe za fedha atadhani unasugua sarafu. Ukitazama bei ya dawa za maabara, hajakosea sana.)

Njia mashuhuri ya kutengeneza chembe za dhahabu ilielezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951. Chumvi ya dhahabu huchemshwa majini, kisha hutiwa sitrati, ambayo ni chumvi ya asidi ileile iliyomo katika limau, na baada ya dakika chache maji hugeuka mekundu. Chembe za fedha watu wengi siku hizi huzitengeneza kwa kuchanganya nitrati ya fedha na maji yaliyochemshiwa majani, kama vile ya mwarobaini au ya chai. Kutengeneza ni kazi ya saa chache. Kusafisha huweza kuchukua siku 2 au 3, na hapo ndipo mambo yanapowaharibikia wengi.

Kwa nini zisafishwe

Chupa yenye chembe mpya ina vitu vingine vingi: chumvi iliyobaki bila kugeuka, sitrati iliyozidi, mabaki ya majani, na ioni zilizoachwa na mchakato wenyewe. Tumchukue mwanafunzi anayetaka kujua kama chembe zake za fedha zinaua bakteria. Anaweka tone kwenye sahani yenye bakteria, na kesho yake anakuta duara safi ambamo bakteria hawakuota. Anaandika kwamba chembe zimeua. Lakini ioni za fedha peke yake huua bakteria, jambo lililojulikana kabla ya chembe za nano kuwa mada ya vyuo. Kama nitrati ya fedha ilibaki katika chupa, duara lile laweza kuwa kazi yake, na chembe zikasifiwa kwa vita ambavyo hazikupigana. Tatizo hili halitatuliwi kwa kurudia jaribio mara 3 kama ilivyo desturi, maana uchafu uleule utatoa jibu lilelile mara zote 3.

Katika kipimo cha malaria madhara huja kwa njia nyingine. Chembe ya dhahabu huvalishwa kingamwili, yaani protini inayotambua na kushika protini ya vimelea. Kingamwili zilizozidi, zisizopata dhahabu ya kushikamana nayo, zikiachwa humo hukimbilia kuishika protini ya vimelea kabla ya zile zilizobeba dhahabu, na kwa kuwa hizo hazina rangi, mstari hufifia. Mgonjwa mwenye vimelea vichache aweza kuambiwa hana malaria. Huo ndio uzito wa kitenzi kusafisha katika shughuli hii, hatuzungumzii unadhifu.

Kuganda, kutuama na kukatika

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Chembe za koloidi hukaa mbalimbali majini kwa sababu kila moja imejaa chaji ya aina moja, kwa kawaida hasi, na chaji za aina moja husukumana. Dhahabu ya Turkevich hupata chaji yake kutokana na sitrati iliyoizunguka. Kitu chochote kitakachoipunguza nguvu chaji hiyo kitaziruhusu chembe kukaribiana, na zikikaribiana mno hushikana zisiachane tena. Michael Faraday aliliona jambo hili mwaka 1857: alitia chumvi katika maji yake mekundu ya dhahabu, yakageuka buluu. Buluu hiyo ni dalili ya chembe zilizokwisha kushikana, na hakuna kutikisa wala kuzimua kutakakoyarudishia maji wekundu wake.

Tukio hili tuliiteje? Wengi tukiulizwa husema chembe zimeganda. Ninaona neno hilo halifai, na sababu yake si ya kupenda kubishana. Kuganda kuna maana nyingi mno. Maji huganda yakawa barafu, nayo yakipata joto hurudi kuwa maji. Mafuta ya nazi huganda kwa baridi ya asubuhi, na jua likipanda huyeyuka. Damu huganda, na damu iliyoganda hairudi. Maziwa ya mgando yameganda kwa maana nyingine tena, kwamba yameshikamana yote kwa pamoja, pamoja na maji yake, kama uji mzito. Kwa hiyo kitenzi hiki hakimwambii msikilizaji jambo analohitaji kulijua kuliko yote, yaani kama kilichotokea kinaweza kurudishwa au hakiwezi.

Hapa ndipo mpishi anapotuzidi maarifa. Mpishi wa pwani akibandika tui jikoni hulikoroga bila kuacha, akiogopa lisije likakatika. Maziwa yaliyokaa mno yakichemshwa, nayo husemwa yamekatika: madonge huku, maji ya kijivu huko. Hakuna mpishi aliyewahi kulirudisha tui lililokatika likawa kama awali, na kila mpishi anajua hivyo. Kukatika, basi, ni kitenzi kilichokwisha kubeba maana yote tuitakayo: vitu vilivyokuwa vimeenea sawasawa katika maji vimeshikana kwa vikundi na kujitenga na maji, na havirudi. Ninapendekeza tukitumie kwa koloidi zote. Chembe za dhahabu zilizogeuka buluu zimekatika.

Kutuama ni jambo jingine kabisa. Maziwa mabichi yakiachwa, krimu hupanda juu. Ukiyatikisa, krimu hurudi ndani. Matone yamehama mahali tu, kila moja lingali peke yake. Vivyo hivyo chembe za dhahabu zikilazimishwa kushuka chini ya neli zimetuama, na kama kazi imefanywa kwa uangalifu, maji machache na mtikiso mdogo huzirudisha zilivyokuwa. Mwenye kusafisha chembe hutafuta kutuama siku nzima huku akikwepa kukatika. Akiwa na neno moja tu la mambo hayo mawili, hata onyo hawezi kulitoa.

Kwa upande wa pili, wapo wanaotaka koloidi ikatike, nao ni wasafishaji wa maji. Shabu imetumika tangu zamani kuyatakasa maji ya matope, na mitambo mikubwa kama ile ya Ngethu, inayosafisha maji ya bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 kabla ya kupelekwa Nairobi, inategemea kanuni hiyohiyo. Alumini iliyomo katika shabu ina ioni zenye chaji chanya 3. Nadharia iliyojengwa na Derjaguin na Landau mwaka 1941, kisha na Verwey na Overbeek mwaka 1948, inaonyesha kwamba nguvu ya ioni katika kukatisha koloidi hupanda kwa kasi ya kushangaza kadiri chaji yake inavyoongezeka. Tukiipa ioni ya chaji 1, kama ile ya sodiamu katika chumvi ya mezani, nguvu ya 1, basi ya chaji 2 itakuwa na nguvu ya 64 na ya chaji 3 nguvu ya 729. Hesabu hii ni ya nadharia, na katika maji halisi mambo huchanganyika zaidi, lakini inatosha kueleza kwa nini kiasi kidogo cha shabu hulitakasa pipa zima. Inaeleza pia kwa nini nyumba nyingi za Ruiru zenye maji ya kisima zina maji yanayofaa kwa chai lakini yasiyofaa kusuuzia chembe za dhahabu. Maji ya aina hiyo hubeba chumvi, na kalisi ikiwamo, ambayo ioni yake ina chaji 2, yaweza kuzikatisha chembe kabla mtu hajafunga kifuniko. Hayana budi kutumika maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena.

Kuzungusha

Katika kiwanda cha kahawa, buni zilizomenywa na kuondolewa ute huoshwa katika mifereji. Nzito huzama na nyepesi hupelekwa na maji. Mvutano wa dunia unatosha kwa kazi hiyo. Kwa chembe za nano hautoshi hata kidogo. Kanuni aliyoitoa George Stokes mwaka 1851 inasema kwamba kasi ya chembe kushuka majini hufuata mraba wa kipenyo chake: chembe yenye nusu ya kipenyo hushuka kwa robo ya kasi. Nimepiga hesabu kwa chembe ya dhahabu ya nanometa 20, na jibu ni kwamba kushuka sentimita 1 kungeichukua karibu mwezi mzima. Hata mwezi huo hautafika, kwa sababu molekuli za maji huisukumasukuma chembe huku na huku bila kupumzika na kuirudisha juu.

Dawa yake ni kuongeza uzito kwa kuzungusha. Mwanzoni walioihitaji zaidi mashine ya namna hiyo ni watu wa maziwa: Gustaf de Laval wa Sweden aliunda mwaka 1878 mashine ya kutenganisha krimu mfululizo, na wajukuu wa mashine hiyo wamo katika viwanda vya maziwa hadi leo. Msweden mwenziwe, Theodor Svedberg, aliikuza kasi hiyo kwa ajili ya koloidi, na akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926. Sentrifuji ya maabara, yaani mashine ya kuzungusha neli kwa kasi, ikifikisha nguvu mara 10,000 ya mvutano wa dunia, ule mwezi wa sentimita 1 hupungua ukawa dakika 4 hivi. Katika vitendo watu huacha mashine kwa dakika 20 au 30, kwa kuwa neli ni ndefu na chembe hazilingani.

Mashine ikisimama, chini ya neli kuna doa jekundu lililoiva, na juu yake maji yasiyo na rangi. Maji hayo humiminwa taratibu, pamoja na chumvi zake, kisha maji safi hutiwa na doa hutikiswa mpaka lienee tena. Humo tunapata mambo mawili kwa tendo moja: tumesafisha, na tukitia maji machache kuliko yale tuliyomwaga, tumekoleza. Ningetahadharisha hapa dhidi ya kuiita kazi hii kusukasuka, jina ambalo laweza kumjia mtu haraka kwa kufikiria maziwa. Kusuka maziwa ni kuyagonganisha matone ya mafuta mpaka yashikane yawe siagi; ni kuyakatisha kwa makusudi. Kuzungusha ni kuyahamisha tu.

Kasi ikizidi, au muda ukizidi, doa hubanwa mno na chembe hukatika palepale chini. Dalili yake ni vipande vyeusi vinavyoelea baada ya kutikisa. Heri kuzungusha polepole kwa muda mrefu kuliko kwa kishindo.

Mfuko wa Graham

Njia ya pili ni ya Graham mwenyewe, naye ndiye aliyeiita dayalisisi. Chembe hutiwa ndani ya mfuko wa utando wenye vitundu vidogo sana, na mfuko hutumbukizwa katika chombo cha maji safi. Chumvi hupenya na kutoka. Chembe, kwa ukubwa wake, hubaki. Baada ya saa kadhaa maji ya nje hubadilishwa. Hospitalini damu ya mtu mwenye figo mbovu husafishwa kwa kanuni hiyohiyo, tangu Willem Kolff wa Uholanzi alipounda figo bandia mwaka 1943. Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba mgonjwa fulani huenda hospitali "kusafishwa figo". Figo haisafishwi, damu ndiyo isafishwayo, na figo haihusiki ila kwa kutokuwapo kazini. Nomino moja imewekwa mahali pa nyingine, na msomaji amebaki na picha ya kiungo kinachosuguliwa.

Hesabu ya njia hii inafundisha kitu. Mililita 10 za chembe zikiwekwa katika lita 1 ya maji, chumvi itajigawa mpaka ilingane ndani na nje, na ndani itabaki karibu sehemu 1 ya 100. Tukibadilisha lita hiyo ili ziwe lita 3 kwa zamu, itabaki karibu sehemu 1 ya 1,000,000. Lakini mtu akizitumia lita hizohizo 3 kwa mara moja katika karai kubwa, itabaki sehemu 1 ya 300. Kila asuuzaye nguo anaijua kanuni hii kwa mikono yake, ndiyo maana ninakitaka kitenzi kusuuza katika maabara kuliko kuosha: kuosha kwaweza kuwa kwa mara moja, kusuuza hudokeza maji mapya.

Ila mfuko wa Graham husafisha tu, haukolezi. Aghalabu huzimua, kwa sababu maji huvutwa kuingia ndani. Anayetaka kukoleza huuhamisha mfuko na kuuweka kati ya polima kavu inayopenda maji, nayo huyanyonya kupitia utando.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusichemshe tu maji yapungue. Kwa sababu kuchemsha hukoleza kila kitu, na uchafu pia. Anayechemsha maji ya bahari hapati maji matamu, anapata chumvi. Maji ya dhahabu ambayo hayajasafishwa yakipunguzwa hadi sehemu ya kumi, chumvi zake huwa kali mara 10, na ukali huo huzikatisha chembe. Kwa hiyo kusafisha hutangulia, kukoleza hufuata.

Maziwa huonekana kama yanavunja sheria hii, kwani hukolezwa kwa kuvukizwa, na hata kukaushwa yakawa unga, bila kukatika. Sababu ni kwamba vifundo vya kaseini havitegemei chaji pekee. Vina vinyweleo vya protini vinavyovizuia kugusana hata chumvi ikizidi. Limau likitiwa na maziwa yakafikia pH 4.6, chaji humalizika na vinyweleo hulala, ndipo hukatika. Watengenezaji wa vipimo vya malaria wameiga jambo hilihili: dhahabu ikishavikwa kingamwili, hufunikwa kwa albumini, ambayo ni protini ya damu ya ng'ombe, na baada ya hapo huvumilia chumvi na kuzungushwa ambako dhahabu tupu isingevumilia.

Kuchuja kwa shinikizo

Njia ya tatu ni kuyasukuma maji kwa shinikizo kupita kwenye utando wa namna ile ya Graham. Hapa pana mtego wa lugha. Anayekamua nazi kwa kifumbu hutaka kinachopita, ambacho ni tui, na machicha huyatupia kuku. Kwetu sisi mambo yamegeuka: kinachopita ni maji ya chumvi, na machicha ndiyo dhahabu. Mwelekezi akisema "chuja, kisha niletee ulichochuja", nusu ya Waswahili wataleta kimoja na nusu kingine, na wote watakuwa sahihi. Ni lazima mwelekezi aseme kilichopita au kilichobaki. Mimi ningekiita cha kwanza mchujo na cha pili masazo, wala nisingelitumia neno machicha, kwa kuwa limekwisha kuzoea kutupwa.

Tatizo la utando ni kuziba. Chembe hurundikana juu yake kama majani ya chai kwenye chujio, na anayemimina chai hukwangua kwa kijiko. Mitambo mizuri huyapitisha maji kandokando ya utando badala ya kuyagonganisha nao, ili mkondo wenyewe ufagie. Watengeneza jibini duniani wameitumia njia hii tangu miaka ya 1970 kukoleza maziwa. Kwa ujazo mkubwa ndiyo njia bora. Kwa neli 2 au 3 za mwanafunzi, gharama ya utando haina faida.

Chembe za chuma cha sumaku hazina haja ya haya yote. Sumaku hubandikwa ubavuni mwa chupa, chembe hukusanyika, na maji humiminwa.

Kusafisha kupita kiasi

Limebaki jambo ambalo maelekezo mengi hulitaja kwa haraka. Sitrati ni uchafu ikizidi, lakini ni sitrati hiyohiyo inayoipa chembe chaji yake. Ukisuuza mara 1 au 2 unaondoa iliyozidi. Ukiendelea, ile iliyoishikilia chembe huanza kuachia nayo, na dhahabu iliyo safi kabisa hukatika katika maji yaliyo safi kabisa. Wengi humalizia kwa maji yenye sitrati kidogo iliyopimwa, wakirudisha kwa mkono mmoja sehemu ya walichoondoa kwa mwingine. Rangi ndiyo shahidi wa kila hatua: wekundu ukielekea zambarau, mtu asimame.

Chembe zilizosafishwa na kukolezwa huwekwa katika chupa safi, gizani, penye ubaridi wa kiasi. Zisiwekwe kwenye jokofu la barafu. Maji yakianza kuwa barafu huzisukuma chembe na chumvi zilizobaki kwenye nafasi finyu kati ya fuwele, na huko hushikana. Vipimo vingi vya malaria vimeandikiwa onyo hilohilo kwenye pakiti. Anayeandika kibandiko cha chupa kwa Kiswahili ataandika: "Yasigande, chembe zitakatika."